Chakula cha Jumamosi: naomba uthibitisho kabla ya Alhamisi

Habari za jioni wapendwa,

Chakula chetu cha Jumamosi kipo palepale, ila muda umebadilika: sasa ni saa 1:00 usiku. Ni kule Njiro kwa yule mama Mkorea. Sebule yake ina meza 5 tu na anapika mwenyewe, ndiyo maana anataka idadi kamili mapema.

1. Mchango ni sh. 30,000 kwa kila mtu. Utumwe kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi saa 2:00 usiku.
2. Tukutane Mnara wa Saa saa 12:15 jioni. Nimeongea na noah mbili. Foleni ya Jumamosi mnaijua, tafadhali tusichelewe.
3. Asiyekula nguruwe au mwenye mzio aniambie sasa. Kimchi ni kabichi, lakini mara nyingi hutiwa uduvi au mchuzi wa samaki.

Nilipita Jumanne kuonja. Vibakuli vidogo vilijaa mezani: kimchi, mchicha wenye ufuta, figili. Hivyo havilipiwi, na vikiisha mama anaongeza. Supu ya soya ililetwa bado inatokota ndani ya chungu, kwa hiyo wenye watoto muwe makini. Halafu nimefurahi sana kusikia kwamba Wakorea nao humsubiri mkubwa aanze kula. Mzee wetu mwenyekiti, tutakusubiri wewe.

Anayekuja aandike NIPO na idadi ya watu wake. Asiyeweza aseme pia, nafasi yake nimpe mwingine.

Asanteni sana.