Dunia hujirekebisha, lakini si kwa kasi yetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ambayo nimeisikia mara nyingi barazani kila yanapotajwa mazungumzo ya ukame na mafuriko: kwamba dunia ina uwezo wa kujirekebisha yenyewe, imefanya hivyo tangu kuumbwa kwake, na kwa hiyo wasiwasi kuhusu tabianchi ni wa bure. Nilifundisha jiografia hapa Tanga kwa miaka mingi. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu, na nilipenda sana kuifundisha. Nusu ya pili ndiyo inayonitia hofu.

Tuchukue maji kwanza. Mvuke unaopanda kutoka baharini ungefika juu kabisa ya anga, miale mikali ya jua ingeuvunja, na haidrojeni iliyomo ndani yake, gesi nyepesi kuliko zote, ingetoroka isirudi tena. Kinachouzuia ni baridi. Juu ya nchi za tropiki, kwenye kimo cha kilomita 16 au 17, joto hushuka hadi karibu nyuzi 80 chini ya sifuri, na mvuke hugeuka barafu kabla haujavuka, kama mvuke wa wali unavyogota kwenye kifuniko na kudondokea tena sufuriani. Kifuniko hicho huvuja kidogo mno: haidrojeni inayotupotea ni takriban kilo tatu kwa sekunde, kiasi ambacho bahari haikihisi. Sayari ya Zuhura haikubahatika. Joto lake lilizidi, mvuke ukapita hadi juu, na leo uwiano wa haidrojeni nzito kwa ile nyepesi huko ni zaidi ya mara 100 ya uwiano wa hapa kwetu, kwa kuwa ile nyepesi ndiyo iliyokimbia.

Joto nalo lina mizani yake, na mizani hiyo imo katika mawe. Mvua inaponyesha hunyonya hewa ukaa, gesi inayozuia joto la dunia lisitoroke, ikawa asidi dhaifu, ikayala polepole mawe ya volkano ya Kilimanjaro na Meru, na madini yaliyoyeyuka yakateremka na Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi, ambako matumbawe, konokono na viumbe wasioonekana kwa macho huyatumia kujenga magamba yao. Viumbe hao wakifa, magamba hulundikana na kushindiliwa yakawa mawe ya chokaa, kama yale ya mapango yetu ya Amboni. Darasani tulikuwa tukisaga kipande cha jiwe la namna hiyo na kukikamulia ndimu, na wanafunzi wakiinamisha masikio wasikie linavyochachatika. Povu lile ni hewa ukaa iliyofungwa humo tangu enzi za dinosaria.

Sehemu ya mawe hayo huzama chini ya gamba la dunia, na volkano huirudisha angani hewa iliyokuwamo. Joto likiongezeka, mvua nayo huongezeka, mawe huliwa haraka zaidi na hewa ukaa hupungua. Baridi ikizidi, kazi hiyo hulala huku volkano zikiendelea kupumua. Ndiyo maana jua, ambalo lilipozaliwa lilikuwa na mwanga pungufu kwa karibu asilimia 30, limezidi kung'aa bila bahari zetu kuchemka.

Lakini wanaoleta hoja ile hawataji muda. Kiasi cha miaka milioni 720 iliyopita barafu ilitanda hadi karibu na ikweta. Dunia ilijirekebisha, naam, baada ya zaidi ya miaka milioni 50. Hata marekebisho madogo ya mawe huchukua miaka laki kadhaa. Volkano zote kwa pamoja hutoa chini ya tani bilioni 1 za hewa ukaa kwa mwaka, ilhali wanadamu, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, tunatoa zaidi ya tani bilioni 35. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, 280 zilikuwa za hewa ukaa. Sasa zimepita 420. Simlaumu mchoma chokaa wa pwani, ambaye tanuu lake kwa moto wa siku chache huiachia hewa ambayo bahari iliifunga kwa karne nyingi. Sehemu yake ni punje mbele ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe ya nchi tajiri.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba kila gazeti lako litakapochapisha maoni ya mtu anayesema dunia itajiponya, mwandishi wako amwulize itachukua miaka mingapi, na jibu lake lichapishwe pamoja na maoni hayo.

Mwalimu mstaafu,
Tanga