Mchezo ule haukuwa wangu

Tanga,
Jumapili usiku

Somo yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumai baridi ya Zhengzhou huko China haijakuzidi, na joto la bwenini limeshafunguliwa. Hapa nyumbani wote wazima. Mama anakusalimu sana, na kama kawaida anauliza unakula nini huko. Nimemwambia hui mian, zile tambi za nyama ya kondoo, huachi, akaridhika.

Nimeona nikuandikie badala ya kukurekodia sauti. Kwa sauti ningezunguka, na wewe kwa wema wako ungenikatiza kabla sijafika ninapokwenda. Karatasi haikatizwi. Isome yote ndipo unijibu.

Ile picha uliyonitumia Alhamisi nimeitazama mara nyingi mno. Ubao wa mzee wetu wa bustanini juu ya meza ya jiwe, kete zimepangwa vilevile kama zilivyokuwa Jumamosi kwenye mchezo wetu wa mtandaoni wa xiangqi, sataranji ya Kichina, na mikono yake imekunjwa ndani ya mikono ya koti. Uliandika kwamba mzee amekaa kimya karibu robo saa, kisha akauliza kuhusu ile kete ya gari iliyotolewa iliwe, "Gari hili, kalitoa mwenyewe?" Nawe ukamjibu kwa fahari kwamba ndiyo, ni somo yako wa Afrika, anacheza vizuri kuliko alipokuwa hapa.

Somo, sikulitoa mimi.

Niliposoma maneno yako nilikuwa kazini, nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe mpaka mtu akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Tangu siku hiyo nafsi inanisuta, na sioni dawa nyingine zaidi ya kukueleza ilivyokuwa.

Unakumbuka hali ya mchezo ule. Nilikuwa na kete nyekundu, nikaanza kwa mzinga wa kati kama kawaida yangu, ukajibu kwa farasi kulinda askari wako wa katikati. Kufika hatua ya 27 nilikuwa nimebanwa. Askari wako mmoja alishavuka mto, ule wa katikati ya ubao, akawa anatembea pembeni kuelekea ngome yangu, na wewe unajua ninavyomwogopa askari aliyevuka: harudi nyuma, hana cha kupoteza. Farasi wangu mmoja umeshamla. Mwenzetu wa Hanoi, Vietnam, alikuwa anatazama, kimya kama desturi yake.

Hapo nikafungua programu ya kuchambua kwenye kompyuta, nikaiwekea ubao jinsi ulivyokuwa. Haikuchukua hata sekunde tano. Ikaniambia: gari, mstari mzima, mpaka ngomeni, limle mshauri. Nikaona ni wazimu, gari ndiyo kete yenye nguvu kuliko zote. Kisha nikatazama hatua zinazofuata nikaona ilichokiona. Nikakufanyia hivyo. Gari likamla mshauri, jemadari wako, kete ambayo ikinaswa mchezo umekwisha, akalazimika kulila gari, na kwa kulila akaingia mwenyewe kwenye mstari wa mzinga wangu. Farasi akaruka mbele yake, nukta moja wazi katikati. Mzinga nyuma, farasi mbele, njia za kando zote ameshazifunga farasi. Umekwisha.

Ukaniandikia, "Somo! Umenivua kofia." Na mimi nikajibu, "Alhamdulillahi."

Neno hilo ndilo linaloniumiza kuliko hatua yenyewe.

Nimejiuliza kwa nini. Si kwamba sijui kushindwa. Umenifunga mara nyingi na tukacheka. Ila mwezi huu wote nilipoteza mfululizo, na katika michezo miwili ya mwisho niliona kama unanihurumia. Ulikuwa unarudisha gari nyuma bila sababu. Ulikubali kila nilipoomba kurudisha hatua, hata mara ile niliyoomba mara mbili kwenye mchezo mmoja. Niliona haya, na haya ile badala ya kunifanya nikuambie "cheza kweli, somo," ikanipeleka kwa mashine. Sikuelezi haya ili kosa liwe lako. Nakueleza kwa sababu kama ni kweli ulikuwa unanihurumia, nakuomba uache. Na kama haikuwa kweli, basi nilikudhania vibaya pia, na hilo nalo naliombea msamaha.

Unayakumbuka maandishi ya kwenye ubao wa mzee? Yale mawili yaliyopita katikati, pale penye mto, moja upande wake na moja upande wa mgeni wake. Tulipokuwa mwaka wa kwanza, Kichina chetu bado kibovu, ndiye aliyetusomesha herufi moja moja kwa kidole: atazamaye mchezo na asiseme ndiye muungwana wa kweli, anyanyuaye kete na asiirudishe ndiye mwanamume hasa. Halafu sote tukaangua kicheko, maana nyuma yake walisimama wazee sita na wote walikuwa wanasema kwa pamoja, mmoja mpaka akaunyoosha mkono kuisogeza kete ya mwenziwe. Mimi nikasema hapa ni kama barazani kwetu kwenye bao: anayecheza ni mmoja, wanaojua ni kumi.

Nimeyafikiria sana maandishi yale wiki hii. Wazee wale walivunja kanuni kila jioni na hakuna aliyechafuka. Kelele zao zilisikika na wote wawili. Akisema mmoja "mzinga! mzinga!", mpinzani naye amesikia, anajikinga. Mashine yangu ilininong'oneza mimi peke yangu, na wewe ulikuwa umbali wa saa tano, macho mazito ya usingizi, ukidhani tuko wawili.

Huku mtandaoni huo ndio upungufu mkubwa ninaouona. Pale bustanini nilikuwa naona uso wa mtu, naona mkono unavyosita juu ya farasi kisha unakwenda kwenye tembo. Kete ya mbao ikipigwa ubaoni unajua mtu ana hakika au anatisha tu. Simu nayo inatoa sauti ya kete, tak, lakini ni tak ileile kwa hatua ya maana na kwa hatua ya kubahatisha. Kilichobaki kati yetu ni kuaminiana, basi. Na sitaki useme kwamba ni mchezo tu. Jumamosi zile ndizo zilizonishika mwaka niliorudi, nilipokaa miezi bila kazi na kila mtu mtaani ananiuliza China nimeleta nini. Saa kumi jioni ikifika nilikuwa na mahali pa kwenda. Ulikuwa unanisubiri saa tatu usiku zako, na mwenzetu wa Hanoi saa mbili zake, na kwa muda ule nilikuwa mtu yule yule aliyekuwa Zhengzhou.

Halafu nakumbuka siku bando langu lilipokatika tukiwa katikati. Saa yangu iliendelea kuhesabu, ulikuwa unashinda bila kunyanyua kidole. Nilipopata bando nyingine nikakuta umeomba sare. Uliniandikia, "Siwezi kushinda mtandao wa simu, nataka nikushinde wewe." Mtu aliyenifanyia hivyo ndiye niliyemfanyia hivi.

Na jambo jingine, maana nimeamua kutobakisha. Januari 2025, chama cha taifa cha mchezo huu kule China kilipowaadhibu makumi ya wachezaji kwa kuuza mechi, na wengine wakafungiwa maisha, ni mimi niliyekutumia habari ile. Ni mimi niliyesema watu wa namna hiyo wasisogezwe karibu na ubao tena. Mzee, ulivyonisimulia, hakuwalaani. Alisikitika tu, akaanza kumtaja Hu Ronghua kama kawaida yake: bingwa wa China mwaka 1960 akiwa na miaka 15, bingwa tena mwaka 2000 akiwa na miaka 55, mara 14 kwa jumla. Kwa mapenzi yale yale ndiyo maana akakufundisha kuanza kwa tembo, kwa vile Hu ndiye aliyeuinua ufunguzi ule. Sasa naelewa kwa nini alisikitika badala ya kulaani. Mtu aliyecheza miaka sitini anajua vishawishi vilipo.

Leo asubuhi nilikuwa natafuta picha za siku tuliyokwenda Honggou, lile korongo la mpaka wa kale. Nimezipata. Wewe umesimama upande wa ngome ya Liu Bang, mimi upande wa ngome ya Xiang Yu, na korongo katikati, vumbi la manjano mpaka kwenye nyusi. Ulinipigia kelele kutoka ng'ambo, "Nakuja kukuvamia!" na sauti ikachelewa kunifikia. Nilifurahi siku ile kwa sababu kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba mto wa kwenye ubao ni mahali, unaweza kupanda basi ukafika. Mwongozaji alitueleza kwamba mwaka 203 KK wale wawili, waliokuwa wakipigania nchi, walikubaliana hapo igawanywe, huku Chu ya Xiang Yu na huku Han ya Liu Bang, na Xiang Yu akaondoa jeshi lake kwa kuamini mapatano. Liu Bang akamfuata nyuma, na mwaka uliofuata Xiang Yu akamalizwa. Liu Bang akawa mfalme wa China nzima, ukoo wake ukatawala miaka mamia. Nakumbuka uliuliza, "Kwa hiyo anayeheshimika hapa ni yupi?" Mwongozaji akafikiri, akasema watu wanamtii Liu Bang na wanamlilia Xiang Yu.

Sikulipa uzito jibu lile wakati ule. Leo nimelikumbuka lote.

Mwenzetu wa Hanoi nimemweleza jana, maana naye alitazama na alidanganywa kama wewe. Alikaa kidogo, kisha akaniambia kwamba kwao wakati wa Tet, sikukuu ya mwaka mpya wao, huwa wanacheza kwa watu badala ya kete, uwanjani, kila mtu amevaa nguo ya kete yake na kijiji kizima kimezunguka. Akasema anayeongoza mchezo huwa amesimama peke yake mbele ya macho yote. Hakuongeza neno. Halafu akaniuliza kama Jumamosi tunacheza.

Kwa mzee nina ombi. Tafadhali usimwambie wewe. Najua ungeipunguza makali, ungesema somo yangu alijaribu programu tu. Ukienda bustanini, nipigie kwa video ukamwekee simu mbele ya ubao, nimwambie kwa kinywa changu. Kichina changu kimepata kutu lakini maneno ninayoyahitaji si mengi, na neno la kwanza alitufundisha mwenyewe. Unakumbuka pale Zhengzhou mtu anayeleta maneno baada ya jambo kuisha humwita "ma hou pao", mzinga nyuma ya farasi? Ndiyo hatua ileile niliyokumalizia. Mzee atalisikia hilo kabla sijalitamka, najua. Hata hivyo nitasema. Nataka nimwite "yeye" tena bila kuona haya. Bado hunifurahisha kwamba kwa Kichina neno hilo ni babu.

Kwenye hesabu yetu nimeshafuta ushindi ule. Ulikuwa 61, mimi 58. Sasa mimi 57. Sikukuuliza ruhusa kwa sababu haukuwa wangu kuuweka.

Sasa sikiliza ninachotaka, na kama hutaki, nitaelewa. Nimeupanga ubao hapa mezani, ule wa karatasi tulionunua pamoja, kwenye hali ile ile ya hatua ya 27, kabla sijaifungua programu. Kompyuta nimeiacha kwa kaka. Jumamosi tuendelee kutoka hapo, kwa video, nikuelekezee kamera ubaoni uone mikono yangu yote miwili. Gari silitoi, njia ile si yangu na sitaitumia. Nimekaa nalo usiku mbili natafuta ya kwangu. Nadhani nitamrudisha tembo kulinda, kisha nijaribu kumkatia njia askari wako kabla hajafika ngomeni. Huenda unanifunga kwa hatua kumi. Nifunge.

Usinihurumie tu.

Saa kumi jioni zangu, saa tatu usiku zako. Askari wako yuko pale pale alipokuwa, ng'ambo ya mto, na zamu ni yangu.

Wasalaam,
Somo yako