Mjusi wa Igogo na jiwe lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Makoroboi na nyumbani ni Igogo, kule mlimani ambako bodaboda hapandi mpaka umwongezee hela. Miaka yote nilikuwa nashuka hadi Barabara ya Kenyatta, nadandia daladala, nabanwa, nafika, na njia nzima nilichokuwa nakiona ni makwapa ya watu. Mwaka huu sukari imepanda, daktari akaniambia, "Mama, tembea." Basi natembea.

Saa moja asubuhi namkuta mdiria, yule ndege wa madoa meusi na meupe, ananing'inia hewani juu ya maji kama aliyefungwa uzi, halafu anadondoka puu! Akiibuka ana dagaa mdomoni. Siku nyingine anaibuka mtupu, anajikung'uta, anarudi juu.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni mjusi. Njiani kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yangu ya vyumba viwili, na jua likilipata tu, anatoka. Kichwa na mabega ni waridi inayoelekea zambarau, kuanzia hapo hadi mkiani ni buluu. Mteja akiniletea vitambaa vya rangi hizo nimshonee gauni moja, ningemwambia arudi nyumbani akafikirie upya. Yeye zimemkaa. Anainama na kuinuka, anainama na kuinuka, kama mtu anayeamkia wakubwa, nami namwitikia kwa Kisukuma: mwangaluka. Majike wenyewe wana rangi za jiwejiwe tu, usipotulia huwaoni.

Kijana mmoja mwanafunzi, mpangaji wa jirani, akanieleza kuwa kwa wataalamu mjusi huyo anaitwa Agama mwanzae. Nikamwambia arudie. Mwanza yetu imo ndani ya jina lake! Wageni wanapiga picha Jiwe la Bismarck, lenye jina la kansela wa Ujerumani, na huyu wa kwetu hana hata wa kumtupia jicho.

Sasa lile jiwe linapasuliwa. Usiku wanalichomea matairi, likishika moto sawasawa wanalimwagia maji, linatoa ufa. Asubuhi akina mama wanakaa chini ya miavuli kugonga kokoto. Mmoja wao tunacheza naye upatu, na watoto wake watatu wanakula kwa nyundo ile. Nimwambie aache, nimpe nini? Isitoshe, msingi wa nyumba yangu ulimwagwa kwa kokoto za mlima huo huo.

Ombi langu ni dogo. Viongozi wa mtaa wakae na wagongaji, wapite pamoja mlimani na kuonesha mawe ya kuachwa, hasa ya chini. Mawe ya Mwanza yamebebana. Udongo uliokuwa umeyafunika umeoshwa na mvua miaka na miaka, yakabaki yameegemeana. Ukiondoa la chini, la juu halikuulizi linakwenda nyumba ya nani.

Jumanne nilipopita, nusu ya jiwe ilikuwa imekwisha. Mjusi alikuwa juu ya rundo la kokoto, anainama na kuinuka. Mwenzangu wa upatu ameweka nyundo mapajani, anamsubiri ashuke.

Fundi cherehani,
Igogo, Mwanza