Mzizi wa nadharia hii uko mahakamani

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu nadharia ya uhakiki wa ubaguzi wa rangi (critical race theory), inayozozaniwa Marekani na inayosema kwamba ubaguzi umejengeka ndani ya sheria na taasisi, si katika chuki ya mtu mmoja mmoja tu, iliwaambia wasomaji kwamba huo ni Umaksi uliobadilishwa jina, na kwamba chimbuko lake ni wanafalsafa wa mrengo wa kushoto wa Frankfurt, Ujerumani. Mimi ni mwalimu wa historia. Hayo ni madai ya upande mmoja wa wanasiasa wa huko, na gazeti letu halikupaswa kuyameza bila kuuliza.

Chimbuko lenyewe ni mahakamani. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kutenga shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba. Aliyeiongoza kesi hiyo ni Thurgood Marshall, wakili yule yule aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House mwaka 1960. Kijana aliyeajiriwa na Marshall, Derrick Bell, alisimamia kesi zaidi ya 300 za kukomesha utengano huo shuleni. Kesi zilishinda, lakini watoto weusi wengi wakabaki katika shule zile zile duni. Mwaka 1974, katika kesi ya Detroit, Mahakama ilikataa kuvihusisha vitongoji walikohamia Wazungu katika mpango wa kuwachanganya wanafunzi. Mwaka 1976 ikasema kwamba haitoshi kuonyesha kuwa sera inawaumiza weusi. Lazima uthibitishe kuwa aliyeitunga alikusudia kuwabagua.

Bell akajiuliza kwa nini. Katika makala yake ya 1980 alijibu kwamba haki ya mtu mweusi hupatikana pale inapokutana na maslahi ya Wazungu. Mwaka 1954, wakati wa Vita Baridi, serikali ya Marekani ilikuwa ikiaibika mbele ya dunia; yenyewe ilikuwa imeiambia Mahakama mwaka 1952 kwamba ubaguzi unawapa wakomunisti silaha ya propaganda. Hoja hiyo ni chungu, tena inaweza kupingwa. Lakini imetoka kwa wakili aliyekuwa uwanjani.

Ni kweli msomi wa sheria Kimberlé Crenshaw na wenzake, walioendeleza hoja za Bell na kukutana Wisconsin mwaka 1989, walichota pia kwa wanasheria wa mrengo wa kushoto waliomsoma Marx. Ila walitofautiana nao katika jambo kubwa. Wale walizibeza haki za kisheria wakiziona kiini macho; hawa wakasema aliyenyimwa haki vizazi kwa vizazi hana anasa ya kuzibeza. Makala yenu haikuligusa hilo hata kidogo.

Sasa siasa. Septemba 2020 Trump alitoa amri dhidi ya mafunzo ya aina hii katika idara za serikali, na Biden akaifuta siku aliyoapishwa. Machi 2021 mwanaharakati Christopher Rufo aliandika waziwazi kwamba lengo ni kuliharibu jina la nadharia hii na kulitwisha kila jambo linalowaudhi watu. Mei mwaka huo huo jimbo la Oklahoma likapitisha sheria inayokataza kufundisha kwamba mtu anapaswa kujisikia vibaya au kuwa na hatia kwa sababu ya rangi yake. Maneno hayo ukiyasoma haraka yanapendeza. Lakini Oklahoma ndiko uliko mji wa Tulsa, ambako mwaka 1921 genge la Wazungu liliuteketeza mtaa wa weusi wa Greenwood na kuua watu wengi. Mwalimu wa huko afundishe vipi habari hiyo kwa ukweli, huku akihofia kwamba mtoto mmoja akihuzunika, mzazi atapeleka malalamiko? Ningekuwa yeye, ningekiruka kipindi hicho, na hilo ndilo linaloniuma.

Watetezi nao wasijitakase. Kusema nadharia hii haijawahi kutoka nje ya vyuo vya sheria si kweli. Wasomi wa elimu waliichukua tangu 1995. Na wako wapinzani wa kuheshimiwa. Randall Kennedy wa Harvard, naye mweusi, aliikosoa vikali mwaka 1989, akikataa kwamba rangi ya msomi pekee inaipa hoja yake uzito.

Naomba basi mchapishe makala nyingine itakayoweka hoja ya Bell na ukosoaji wa Kennedy bega kwa bega. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne husoma gazeti lenu, na wana uwezo wa kuzipima wenyewe.

Mwalimu wa historia,
Mombasa