Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kiwanja Kilichosimama

Ndugu wanachama,

Mwaka jana, katika mkutano kama huu, niliwaambia kwamba tukikutana tena zege la ghorofa ya kwanza litakuwa limeshamwagwa. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo mwendelezaji, yaani mwenye mradi wa ujenzi, alivyotuambia, nami nilimwamini. Halikumwagwa. Nguzo ziko vilevile mlivyoziacha, nondo zimechomoza juu zikiendelea kushika kutu, na kreni ilibomolewa ikaondoka bila sisi kupewa hata barua ya mstari mmoja. Karibu taarifa yangu yote ya mwaka huu ni ya kiwanja hicho, maana ndicho kilichokula muda wa kamati, na ndicho mnachoniuliza kila tunapokutana njiani.

Kwa wanachama wapya nieleze kwa ufupi. Mradi ulioidhinishwa ni jengo moja lenye supamaketi chini na nyumba za kupangisha juu, sehemu ya nyumba hizo zikiwa za kodi nafuu. Msingi umekwisha, maegesho ya chini ya ardhi yamekwisha, nguzo za supamaketi zimesimama. Hapo ndipo kazi ilipolala. Mkandarasi amefungasha vyombo vyake, amebaki mlinzi mmoja na uzio wa mabati.

Kwa miezi mingi tulikuwa tunauliza swali moja: lini? Na kila tulipouliza tulijibiwa kwamba kazi itaanza robo ijayo ya mwaka. Robo ikiisha, jibu linasogezwa mbele. Tulipigwa danadana, na nakiri kwamba tulikuwa tunauliza swali lisilo na msaada. Mambo yalibadilika siku mjumbe wetu mmoja, aliyefanya kazi ya ujenzi maisha yake yote, aliponyoosha mkono na kumuuliza mwakilishi wa mwendelezaji: mkataba wa pango wa supamaketi umesainiwa? Chumba kilinyamaza. Baadaye tukaambiwa ukweli. Kilichopo ni barua ya kuonyesha nia tu, na barua ya nia haimfungi mtu.

Kutoka hapo kizungumkuti kikaanza kufunguka. Benki haitatoa sehemu iliyobaki ya mkopo mpaka mpangaji mkuu asaini, kwa sababu kodi ya supamaketi ndiyo inayoonyesha kwamba jengo litaweza kulipa deni lake. Supamaketi nayo haitasaini mpaka ihakikishiwe tarehe ya kukabidhiwa jengo. Mwendelezaji hawezi kutaja tarehe bila fedha ya benki. Watatu hao wamesimama ukingoni mwa mto, kila mmoja anamngoja mwenzake avuke kwanza, na sisi ndio tunaotembea mbali kutafuta mboga.

Hesabu za mradi zilipigwa wakati mikopo ikiwa rahisi. Kisha riba zikapanda sehemu nyingi za dunia. Benki kuu ya Marekani ilianza mwaka 2022 na riba iliyokaribia sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Benki kuu ya Uingereza ilitoka asilimia 0.1 mwishoni mwa 2021 hadi 5.25 Agosti 2023. Mradi uliopangwa kwa riba ya zamani unakuta pengo ambalo kodi za wapangaji haziwezi kuliziba. Simtetei mwendelezaji, kupanda kwa riba hakumzuii mtu kusema ukweli. Lakini ni vizuri tujue tunapambana na nini.

Tujue pia kwa nini wenye supamaketi wana mguu nje, mguu ndani. Biashara ya vyakula inaonekana kubwa kwa sababu ya msongamano wa watu kwenye foleni za malipo, lakini faida yake halisi mara nyingi ni asilimia 1 hadi 3 ya mauzo. Ukiwa na faida nyembamba hivyo, kuchelewa kufungua kwa mwaka mmoja, au kodi kupanda kidogo, kunatosha kukufanya urudishe kalamu mfukoni.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugawa. Miezi michache iliyopita mwendelezaji alituletea pendekezo: aombe kibali kibadilishwe, supamaketi iondolewe, na ghorofa ya chini iwe maghala ya kukodisha kwa watu wanaotaka kuhifadhi vitu vyao. Alisema nyumba zitajengwa haraka zaidi. Baadhi yenu mliunga mkono, na sababu zenu nimezisikia kwa uzito wote. Mna watoto watu wazima waliohama mtaa huu kwa sababu hawawezi kulipa kodi. Mnataka nyumba, hata kama chini yake kuna milango ya chuma tu. Siwezi kusema mmekosea kutaka hivyo.

Hata hivyo kamati ilikataa, na mimi nilipiga kura ya kukataa. Nguzo zile zilizosimama zimejengwa kwa ajili ya supamaketi. Duka la vyakula linahitaji nguzo zilizoachana sana ili rafu zipite, dari ya juu, mahali pa malori kurudi nyuma na kushusha mizigo, na umeme mwingi wa vyumba vya baridi. Nyumba zinataka kinyume chake: kuta zilizokaribiana na mabomba yanayoshuka kila baada ya hatua chache. Ndiyo maana kati ya viwili hivyo hujengwa sakafu nene ya zege inayopokea uzito wa juu na kuupeleka kwenye nguzo chache za chini. Hiyo ndiyo sehemu ya gharama kubwa, na msingi wake umeshawekwa. Tukikubali maghala leo, ghorofa ya chini itakatwa vyumba vidogo, na hakuna atakayekuja baada ya miaka mitano kuvibomoa ili atuletee duka. Na mara nyingi mtaa hupata kiwanja cha ukubwa ule mara moja tu.

Tulichopendekeza badala yake ni kwamba nyumba zitangulie, duka lifuate, na ghorofa ya chini ifungwe kwa masharti ya kibali kuwa ya duka la vyakula. Hili limewahi kutokea. Katika eneo la Skyland, mjini Washington, Walmart ilijitoa Januari 2016 wakati watu wameshahesabu duka kuwa lao. Mradi haukuachwa. Nyumba zilijengwa, na mwaka 2022 duka la vyakula la Lidl likafunguliwa. Ulikuwa muda mrefu mno, na sitaki tusubiri vile. Lakini waliposubiri hawakuwa wamejaza mahali pa duka kitu kingine.

Niongeze jambo tuliloligundua kwa bahati. Kamati ilifikiria kuomba duka la muda katika jengo la supamaketi ya zamani, lile lililofungwa na kubaki tupu. Wakili alipoisoma hati ya ardhi alikuta sharti lililowekwa wakati wa mauzo: pale hapaendeshwi duka la vyakula. Aliyeondoka alifunga mlango na kuondoka na ufunguo. Nilikasirika siku ile, na bado nina hasira. Uingereza ilitoa amri mwaka 2010 ya kuzuia maduka makubwa ya vyakula kuweka masharti ya namna hiyo kuwafungia washindani, kwa hiyo si jambo ambalo mamlaka haziwezi kuligusa. Tumeandika kuomba sharti letu liangaliwe. Hatujajibiwa.

Yapo machache tuliyoyapata. Njia ya waenda kwa miguu iliyokuwa imemezwa na uzio imerudishwa, na taa zimewekwa. Wazee wetu hawashuki tena barabarani kupishana na magari. Maji yaliyokuwa yametuama kwenye maegesho yamevutwa. Tumeomba pia mhandisi asiyefungamana na mwendelezaji akague nondo na zege kabla kazi haijaanza tena, kwa sababu chuma kilichokaa wazi hivyo hakifunikwi bila kukaguliwa. Mwendelezaji amekubali kwa mdomo. Tunataka kwa maandishi.

Hesabu za chama ataziwasilisha mweka hazina. Fedha nyingi zilikwenda kwa wakili, na baada ya ile hati naona hazikupotea. Idadi ya wanachama imepanda kidogo. Namshukuru katibu, aliyehifadhi kila barua na kila ahadi, pamoja na tarehe zake. Bila jalada lile tungekuwa tunabishana kwa kumbukumbu.

Kibali cha ujenzi kinakwisha kabla ya mkutano wetu ujao, na mwendelezaji ataomba kiongezwe muda. Hapo ndipo tuna nguvu ambayo hatukuwa nayo mwaka mzima. Naomba mkutano huu uipe kamati idhini ya kuunga mkono nyongeza hiyo kwa masharti tu: duka la vyakula libaki kwenye kibali, ratiba iandikwe kwa hatua zinazoweza kukaguliwa, na taarifa za mkataba wa pango tupewe kila baada ya miezi mitatu. Mkiona tukubali maghala, pigeni kura hivyo, nami nitaupeleka uamuzi wenu kama ulivyo.

Maombi yatasikilizwa hadharani, na viti vitupu vitasomwa kuwa tumeridhika. Karatasi ya majina iko mezani kwa katibu. Anayehitaji usafiri siku hiyo aandike pembeni mwa jina lake.