Ziara ya Bryggen (gati la zamani la Bergen, Norwe) Jumamosi: naomba mthibitishe

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tukutane saa 4 asubuhi mlangoni pa Bryggens Museum, Bergen, si stesheni kama tulivyokubaliana awali.

1. Mchango ni krona 250 kwa mtu mzima, tiketi na chai humo humo. Mtumieni mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.

2. Tutaanza na vigae vya vyungu vya Kijerumani vilivyofukuliwa baada ya moto wa Bryggen wa 1955. Vitazameni vizuri jamani, ndio ushahidi wenyewe wa biashara ya Wajerumani, ambao Hansa yao (umoja wa wafanyabiashara) ilifungua ofisi hapa mnamo miaka ya 1360.

3. Kisha Schøtstuene, kumbi za pamoja ambako wafanyabiashara hao walipikia na kuota moto, maana kwenye maghala ya mbao moto ulipigwa marufuku.

Mje na makoti ya mvua. Andika "Nipo" na idadi ya watoto kufikia Jumatano. Asanteni sana.