Barafu ikifunga maji, bunduki nazo zifungwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nijibu makala mliyochapa hivi karibuni kuhusu uwindaji wa bata na bata bukini nchini Marekani. Mwandishi wenu alieleza kwamba wawindaji wa huku husubiri hadi Januari, maji yakiwa yameganda na ndege wamechoka, ndipo wawamalize. Mimi ni mzaliwa wa bonde la Kilombero. Nimeishi miaka kumi na mmoja katika jimbo la Maryland, sehemu iitwayo Eastern Shore, mashariki ya ghuba ya Chesapeake, na kwa misimu sita nimekuwa nikiingia shambani na jirani yangu mwindaji, kwanza kama mbebaji wa mizigo yake, baadaye nikiwa na leseni yangu mwenyewe. Siandiki kuwatetea wawindaji wote, kwa sababu katika jambo moja mwandishi wenu amekaribia ukweli kuliko alivyodhani. Tatizo ni kwamba amechanganya mambo matatu yasiyofanana, na kwa kuyachanganya ameikosa hoja yake mwenyewe.

Ndege wanaohama wanalindwa huku na sheria ya shirikisho ya mwaka 1918, iliyotokana na mkataba wa mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza, ambayo ndiyo iliyosaini kwa niaba ya Kanada. Kabla ya hapo, katika ghuba hii hii ya Chesapeake, watu waliwinda kwa ajili ya soko: walifunga bunduki kubwa kwenye mashua, wakaliendea kundi zima la bata usiku, na kuwapeleka mijini kwa mapipa. Biashara hiyo ilipigwa marufuku. Leo kila jimbo huchagua siku zake ndani ya mipaka inayowekwa na serikali ya shirikisho, na kwa bata mpaka wa mwisho ni tarehe 31 Januari. Bunduki ya marisau, yaani ile inayotawanya punje ndogo nyingi kwa mpigo mmoja, hairuhusiwi kubeba zaidi ya risasi tatu. Kufyatua kunaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kukoma jua linapozama, maana yake katikati ya Januari hagusi mtu bunduki yake kabla ya kama saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Kumwaga mahindi ili kuwavuta ndege ni kosa, na hata ukiyaondoa mahindi yote, mahali hapo panahesabiwa kuwa na chambo kwa siku 10 zaidi.

Nakiri kwamba mwanzoni nilicheka. Kwetu, mpunga ukianza kubeba, watoto tulipanda dungu alfajiri na manati na makopo ya mawe, tukaamia hadi jua litue, na usiku bata wale wapigao mluzi walishuka shambani na kula sehemu yao bila kujali kelele zetu za mchana. Aliyempata mmoja alimpeleka jikoni, na sikumbuki mzee yeyote akiuliza kama msimu umekwisha. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kumpiga bata dakika tano kabla ya wakati kunaweza kukufikisha mahakamani, niliona ni mambo ya watu wenye nafasi. Nilinyamaza siku nilipomwona askari wa wanyamapori akivuka matope hadi magotini, akatukagua leseni, akahesabu ndege wetu mmoja mmoja, akajaribu kusukuma risasi ya nne kwenye bunduki yangu ili aone kama itaingia.

Sasa nirudi kwenye mambo matatu. Mwandishi wenu anasema "bata bukini" kana kwamba ni ndege mmoja. Wa kwanza ni bata bukini wa Kanada wanaohama, wale wanaozaliana kaskazini mwa Quebec, jimbo la Kanada, na kushuka huku kukaa wakati wa baridi, wakila mahindi yanayobaki shambani baada ya mashine kuvuna. Wa pili wana sura ile ile kabisa, lakini hawahami. Wengi wao ni uzao wa ndege waliofugwa kama chambo hai, yaani kuwavuta wenzao wa porini, ambao walibaki wakizagaa baada ya matumizi ya chambo hai kukatazwa mwaka 1935, na leo wamejaa kwenye viwanja vya gofu na bustani za watu wakichafua kila kitu. Wa tatu ni bata bukini weupe, ambao wameongezeka kiasi kwamba wanang'oa mizizi ya majani katika mabwawa ya chumvi na katika tundra, nyika baridi isiyo na miti ya kaskazini ya mbali, wanakozaliana. Tangu mwaka 1999 serikali ya shirikisho iliruhusu hao weupe wawindwe hata baada ya misimu ya kawaida kufungwa, kwanza katikati ya nchi na baadaye katika ukanda wa Atlantiki, bila kikomo cha idadi, kwa vipaza sauti vya umeme na bunduki zisizofungwa kwenye risasi tatu. Picha iliyoambatana na makala yenu, ya marundo ya ndege weupe, ilitoka kwenye uwindaji wa aina hii. Si haki kuitumia kumhukumu mtu anayewinda bata bukini wa Kanada mwezi Januari, kama ambavyo si haki kumwita anayetega panya ghalani jangili.

Kwa hao wanaohama, historia yao inamjibu mwandishi vizuri kuliko mimi. Mwaka 1988 walihesabiwa jozi zipatazo 118,000 katika maeneo yao ya kuzaliana, na kufikia mwaka 1995 zilibaki 29,000 tu. Uwindaji wao ulifungwa mwaka huo. Haukupunguzwa siku wala idadi, ulifungwa, katika eneo ambalo hoteli ndogo, wenye migahawa, waongoza wawindaji na wakulima wanaokodisha mashamba walikuwa wakiutegemea kila msimu wa baridi. Wazee wa hapa bado wanaizungumzia miaka ile kama sisi tunavyozungumzia miaka ya njaa. Ndege walirudi, msimu ukafunguliwa, na theluji ya kaskazini ilipochelewa kuyeyuka mwaka 2018 na vifaranga wakawa wachache, kikomo kilishushwa hadi ndege mmoja kwa mwindaji kwa siku. Mtu anakaa kwenye kibanda cha kujifichia, chenye baridi, tangu usiku kwa ajili ya ndege mmoja, na akishampata anafungasha na kwenda nyumbani.

Kuhusu Januari yenyewe namwunga mkono mwandishi wenu, lakini kwa sababu nyingine. Uwindaji wa mwisho wa msimu si rahisi, na urahisi ndio alioulaumu. Ndege waliobaki Januari wamepigiwa bunduki tangu Kanada. Jirani yangu, ambaye mwezi Novemba hupanga bata bandia 40 wa kuvutia ndege mbele ya kibanda, ikifika Januari huweka wanane tu, na kila asubuhi huwafuta kwa kitambaa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa umande ulioganda juu ya mgongo wa bata bandia hung'aa na ndege huuona kutoka mbali. Kipenga chake cha kuigiza sauti ya ndege hukipuliza mara moja au mbili, basi. Bata bukini huja, huzunguka mara tatu, hutazama, kisha huondoka bila hata kushusha miguu. Tumewahi kumaliza siku nne mfululizo bila kufyatua. Anayesema huo ni uchinjaji aje akae nasi saa nne kwenye ubao wenye barafu.

Ubaya wake uko kwingine, nami niliuona Januari ya mwaka jana. Kijito kilikuwa kimeganda siku tisa, na maji yaliyobaki wazi yalikuwa shimo moja karibu na gati, ukubwa wa sebule ya kawaida, ambapo mkondo ulizuia barafu isifunge. Bata wote wa kijito walikuwa pale. Kulikuwa na mallard, bata yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, na wengi walikuwa tayari wawili wawili, kwa maana bata hawa hukubaliana jozi wakati wa baridi, miezi kabla ya kutaga. Hawakuwa wakila. Walikaa wameficha midomo mgongoni, wakitunza mafuta yao, na tulipokaribia walisogea badala ya kuruka, kwa kuwa kuruka ni gharama na hapakuwa na maji mengine ya kushukia. Kundi la wawindaji kwenye kibanda cha upande wa pili halikungoja. Waliwafyatulia walipoinuka, na bata bukini waliokuwa wakipita juu sana, kama mita 60, nao wakapigiwa, ingawa zaidi ya mita 40 marisau ya chuma ni kubahatisha tu. Bata bukini mmoja alishuka taratibu hadi katikati ya barafu, bawa likiburuta. Mbwa alitumwa, barafu ikaanza kulia chini yake, akaitwa arudi. Sheria inamtaka mwindaji ajitahidi kumpata ndege aliyemjeruhi, lakini haiwezi kumtembeza mtu juu ya barafu nyembamba. Tulimwona yule ndege hadi jioni, akitembea huku na huku, na mwenzi wake akizunguka juu akiita. Bata bukini hudumu na mwenzi mmoja, na familia husafiri pamoja majira yote ya baridi, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa sauti ile ilikuwa ya nani.

Yote yale, isipokuwa labda uzembe wa kupiga mbali, yalikuwa halali. Tarehe ilikuwa ndani ya msimu, saa ilikuwa sahihi, idadi haikuzidi. Kalenda haijui barafu. Nchini Uingereza msimu wa bara nao hufungwa tarehe 31 Januari, na pwani, chini ya alama ya maji makubwa, huendelea hadi tarehe 20 Februari, lakini kuna utaratibu wa kuusimamisha katikati: baridi kali ikidumu wiki moja wawindaji huombwa kujizuia wenyewe, na ikikaribia kutimia wiki mbili serikali hutoa amri na bunduki hunyamaza hadi maji yafunguke. Hii ndiyo hoja ambayo ningependa mwandishi wenu angeibeba. Msimu usihukumiwe kwa mwezi ulioandikwa kwenye kalenda, uhukumiwe kwa hali ya maji. Januari yenye mvua na upepo ni uwindaji, Januari yenye shimo moja la maji ni jambo jingine, na kanuni ya namna ya Uingereza ingefaa sana katika ghuba hii.

Najua jibu la wenzangu. Watasema bata wengi hukimbilia kusini maji yakiganda, na ni kweli. Watasema pia kwamba ni fedha za mwindaji zinazonunua makazi ya ndege, na hilo nalo ni kweli: tangu mwaka 1934 kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea hununua stempu ya shirikisho, ambayo sasa ni dola 25, na senti 98 za kila dola huenda kwenye kununua na kukodi ardhi oevu. Hifadhi ya Blackwater, ambayo iko karibu na nyumbani kwangu na ilianzishwa mwaka 1933, imepanuliwa kwa fedha za namna hiyo. Lakini siku saba za kusimama wakati wa barafu hazimrudishii mtu stempu yake.

Niongeze jambo moja linalotuhusu huko nyumbani moja kwa moja, kwa kuwa makala yenu iliishia kusema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Lugha yetu inaita madini ya risasi na kile kinachotoka mdomoni mwa bunduki kwa neno moja, na kwa bata jina hilo limebeba msiba wote. Bata huokota changarawe ili firigisi isage chakula, na akiokota punje za risasi zilizolala kwenye matope, chache tu zinatosha kumwua polepole. Kwa sababu hiyo marisau ya risasi yalipigwa marufuku kwa uwindaji wa bata na bata bukini Marekani nzima mwaka 1991, na katika ardhi oevu za Umoja wa Ulaya tangu Februari 2023. Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama wa mkataba wa ndege wa majini wa Afrika na Eurasia, uliokubaliwa The Hague mwaka 1995, nao unataka hivyo hivyo. Baadhi ya bata wanaotua katika maziwa yetu Novemba na kuondoka Machi ni wale wale waliopita juu ya vibanda vya wawindaji wa Ulaya. Mwandishi akitaka makala ya pili, aende dukani akaulize marisau yanayouzwa ni ya madini gani.

Mwaka huu kijito kiliganda tena, wiki ya tatu ya Januari. Jirani yangu alikwenda gatini, akatazama lile shimo na bata waliojazana ndani yake, akarudi bila kusema lolote, akaukusanya mkoba wa bata bandia. Mlango wa kibanda aliufunga kwa waya tarehe 24, msimu ukiwa bado na wiki nzima.

Msomaji wenu,
Eastern Shore, Maryland, Marekani